Nyumba, fremu na mchoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kubadili matumizi ya viwanja Kigoma Ujiji

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mtu anapofungua fremu mpya, yaani chumba cha duka, au afisa anapopita mtaani akiulizia karatasi. Majibu yameegemea Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Palipo na maoni yangu nimesema ni maoni. Ada hubadilika kila mara, kwa hiyo bei hutazikuta hapa. Ziulizie dirishani, na ulipe kwa namba ya malipo tu, si mkononi mwa mtu.

Mchoro ni nini, na kwa nini kila mtu wa ardhi anautaja?

Mchoro wa mipango miji ni karatasi inayoonyesha kila kipande cha mtaa kimetengewa nini: makazi, biashara, makazi na biashara kwa pamoja, shule, zahanati, kiwanda, nyumba ya ibada, njia, eneo la wazi. Juu yake uko mpango kabambe, ambao huutazama mji mzima kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 20: mji utanuke kuelekea wapi, viwanda vikae upande gani, barabara kubwa zipite wapi. Mpango kabambe hauwezi kukuambia kama kibaraza chako kiwe na duka. Hilo liko kwenye mchoro.

Usiuchanganye na ramani ya upimaji. Ramani ni kazi ya mpimaji, nayo ina vipimo, namba za viwanja na bikoni zilizosimikwa kwenye kona. Mtu anaweza kuwa na bikoni zote nne mahali pake, hakuna aliyemwingilia hata hatua moja, na bado akawa amevunja masharti kwa sababu ya anachokifanya ndani ya hizo bikoni.

Nitajuaje kiwanja changu kimepangiwa nini?

Kama una hati, ifungue usome masharti. Wengi huiweka kabatini tangu siku waliyokabidhiwa. Kwenye hati nyingi kuna sharti la matumizi, limeandikwa kwa Kiingereza, linalosema ardhi na majengo yatakayojengwa juu yake yatumike kwa makazi tu, kisha linataja Kundi la Matumizi A na madaraja yake kwa herufi ndogo ndani ya mabano, kwa mfano (a) na (c). Hati za zamani hutaja kanuni za mwaka 1960 zilizorekebishwa 1993. Herufi hizo ndogo ndizo zenye uzito. Ukiona Kundi A, ujue kiwanja chako kinatambulika kama cha makazi, hata kama kulia kwako kuna duka la jumla na kushoto kuna gesti.

Kama huna hati, nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa, taja mtaa na alama za kueleweka, uombe kuonyeshwa mchoro wa eneo. Ni haki yako kuuona. Kwenye kona ya mchoro kuna maelezo ya rangi. Anza hapo, la sivyo utatazama rangi tu bila kuelewa kitu.

Sina hati wala kiwanja hakijapimwa. Masharti yananihusu?

Yanakuhusu. Eneo likishakuwa eneo la mipango, masharti hushika ardhi, hayaangalii nani ana karatasi. Tofauti ni kwamba asiye na hati wala ofa (barua ya kupewa kiwanja kabla ya hati) hana kitu cha kubadilishiwa matumizi. Anaanzia kwenye urasimishaji: eneo linachorwa, linapimwa, kisha watu wanamilikishwa. Na hapo ndipo penye nafasi ambayo wengi wanaipoteza. Wakati mchoro wa urasimishaji unachorwa ndipo unaposema, bila ombi maalumu wala mzunguko mrefu, kwamba njia hii ni ya maduka tangu zamani na iandikwe makazi na biashara. Mkisubiri hati zitoke zikiwa zimeandikwa makazi, mtalipia kuzibadilisha moja moja.

Nina fremu mbili mbele ya nyumba, moja ya saluni na nyingine ya duka la vocha na soda. Nimevunja sheria?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake.

Kwa mujibu wa karatasi, kama kiwanja ni cha makazi pekee na huna kibali cha kubadili matumizi, ndiyo, uko nje ya masharti. Sheria inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi, na kubadili matumizi nako ni kuendeleza, hata kama hukuongeza tofali. Ukitoa ukuta wa sebule ukaweka mlango wa geti la kukunja unaotazama barabara, umeshaendeleza.

Kwa maisha ya mji huu, nyumba yenye fremu ndiyo nyumba ya kawaida. Teremka Barabara ya Lumumba kutoka Mwanga kuelekea stesheni, au pita Gungu jioni: mjane anaishi na wajukuu nyuma, kodi ya fremu ndiyo inayolipa ada. Chumba cha mbele ni cha biashara, ua ni wa familia, na hakuna mtaa uliodhurika kwa hilo. Maoni yangu ni kwamba kanuni inayomweka mama wa saluni kundi moja na mwenye karakana ya kuchomelea imekosea kupanga. Makazi na biashara ni tengo linalotambulika kabisa, na ndilo linalofaa kwa njia nyingi za Mwanga, Gungu na Buzebazeba. Mtu wa fremu mbili asiogope kuomba. Anachopaswa kuogopa ni kuendelea kuongeza ya tatu na ya nne, halafu ghorofa, juu ya kiwanja ambacho karatasi yake inasema nyumba ya kuishi.

Leseni ya biashara ninayo, na nimeibandika ukutani. Haitoshi?

Haitoshi. Leseni inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972, nayo inamruhusu mtu kufanya biashara fulani. Haibadilishi ardhi. Vivyo hivyo risiti ya kodi ya mapato na cheti cha afya. Masharti ya matumizi yanashika kiwanja: mpangaji akiondoka na leseni yake, kiwanja kinabaki na hadhi yake ile ile.

Utaratibu wa kubadili matumizi ukoje?

Maombi yanaanzia halmashauri, kwa maana ya manispaa, kwa sababu ndiyo mamlaka ya upangaji. Utatakiwa kuwa na nakala ya hati au ofa, risiti za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni, na maelezo ya unachokusudia kufanya. Kusudio lako linatangazwa ili majirani na wengine wapate nafasi ya kusema. Afisa mipango miji anakwenda kuona mahali penyewe: upana wa njia, maegesho, maji machafu yatakwenda wapi, nani anaishi ubavuni. Kisha linakwenda kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji, na kutoka hapo ngazi ya wizara, ambayo siku hizi ina ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi katika kila mkoa. Likikubaliwa, hati ya zamani inarudishwa na unapata yenye masharti mapya.

Kinachochelewesha watu ni deni la kodi ya pango la miaka mingi na jina kwenye hati. Hati bado iko kwa marehemu baba, watoto wako watano, wawili wako Dar es Salaam, mmoja hataki kusikia. Maliza mirathi kwanza. Hakuna afisa anayeweza kupokea ombi la mtu ambaye si mmiliki.

Jirani anaweza kunizuia?

Anaweza kupinga, lakini hana kura ya turufu. Pingamizi linapimwa kwa uzito wa sababu. "Simpendi" si sababu. Moshi unaoingia chumba cha mtoto, muziki wa usiku, magari ya mizigo kuziba njia ambayo hata gari la wagonjwa halitapita, hizo ni sababu.

Kama wewe ndiye jirani, andika. Malalamiko ya barazani hayaingii kwenye jalada. Barua fupi kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa mtendaji wa mtaa, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, ina nguvu kuliko kelele za watu ishirini.

Mtaa wetu wote una maduka. Lazima kila mmoja aombe peke yake?

Si lazima, na kwa maoni yangu si busara. Ombi la mmoja mmoja linatoa mtaa wa viraka: kiwanja namba 12 biashara, namba 13 makazi, namba 14 kimekataliwa kwa sababu mwenyewe alikuwa na deni. Mwisho wake barabara ina maduka ishirini na haina maegesho hata ya bajaji mbili, kwa sababu kila aliyeomba alitazamwa peke yake na hakuna aliyeutazama mtaa.

Njia nyingine ni kuomba mchoro wenyewe urekebishwe. Mtaa unakaa mkutano mkuu, ule unaoitishwa na mwenyekiti wa mtaa kwa wakazi wote, unaandika muhtasari, unapitia kwa diwani na kufika manispaa: njia hii, kutoka hapa mpaka pale, safu ya mbele iwe makazi na biashara, safu ya nyuma ibaki makazi. Hapo mpangaji wa mji anaweza kudai kitu kwenu pia. Atasema kila anayejenga upya arudi nyuma hatua kadhaa, mtaro uwe na mahali, na eneo la kukusanyia taka litengwe. Mnapata kitu na mnatoa kitu. Ni kazi ndefu, inahitaji mtu mvumilivu wa kufuatilia jalada, na mitaa mingi inakwama kwenye kumpata huyo mtu kuliko kwenye sheria.

Nimesikia mchoro wa eneo letu unafanyiwa marekebisho. Nitasema wapi?

Mikutano ya wadau, mbao za matangazo za manispaa, kata na mtaa, na rasimu inayowekwa wazi ili watu waikague na kutoa maoni. Nenda uione rasimu yenyewe, usiridhike na kusimuliwa. Tafuta kiwanja chako kwa namba, uangalie kimepakwa rangi gani. Kisha angalia njia: je, kuna barabara mpya inayokatiza uani kwako? Halafu angalia kilicho jirani. Anayeangalia kiwanja chake tu hushtuka baadaye kuona eneo la pembeni lilikuwa la karakana tangu kwenye rasimu.

Maoni yana nguvu kabla mchoro haujaidhinishwa. Ukishaidhinishwa, unachoomba si maoni tena bali mabadiliko, na mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako.

Biashara yangu ipo tangu kabla ya mchoro mpya. Nitafukuzwa?

Kubadilika kwa rangi kwenye karatasi peke yake hakumtoi mtu asubuhi yake. Mara nyingi matumizi ya zamani yanaendelea, na masharti mapya yanakukuta unapotaka kujenga upya, kupanua, kuuza au kuhuisha hati. Hali ni nyingine kama eneo lako limetengwa kwa ajili ya umma, tuseme barabara au shule. Hapo ardhi inatwaliwa chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia si bei ya tofali pekee. Kuna thamani ya ardhi, maendelezo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya makazi, gharama za usafiri, na kwa mfanyabiashara, hasara ya faida. Ndiyo maana uwe na hesabu za biashara. Asiye na daftari hana namna ya kuonyesha faida aliyoipoteza.

Sisi tuko Ujiji, nyumba ziko hapa tangu enzi za babu. Mchoro utatupimaje?

Ujiji ulikuwa mji kabla ya kuwapo kwa ofisi yoyote ya ardhi. Stanley alipomkuta Livingstone hapo 1871 alikuta soko na nyumba za wafanyabiashara, na reli haikufika Kigoma hadi 1914. Nyumba zimejengwa kwa ukoo na kwa uchochoro, si kwa namba. Ukileta vipimo vya eneo jipya ukavilaza juu ya Ujiji, nusu ya nyumba zitakuwa njiani.

Kwa hiyo njia ya huko ni urasimishaji unaofuata hali iliyopo: viwanja vidogo vinakubaliwa, vichochoro vinabaki, na kinachodaiwa ni njia chache za kupitisha gari la zimamoto na la wagonjwa. Wazee wawe kwenye mkutano, kwa sababu wao ndio wanaojua mpaka uko kwenye mwembe upi. Na makaburi ya familia yatajwe mapema, kabla mpimaji hajafika.

Nina eneo karibu na ziwa, Kibirizi. Naweza kujenga maduka au gesti?

Hapa mchoro si sheria pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kibali cha manispaa hakifuti mita hizo.

Usipime kutoka pale maji yanapoishia mwezi Agosti. Waliopima hivyo waliona wenyewe kuanzia 2020, Tanganyika ilipopanda na kuingia majumbani na kwenye mialo, Kibirizi na Ujiji pia. Vyoo vilijaa kwanza, kisha kuta za tofali za udongo zikaloa mpaka kiunoni na kuachia. Aliyejenga juu, mita hamsini zaidi, aliendelea kuuza.

Na kuanika dagaa?

Vichanja vya kuanikia mwaloni ni kitu kimoja, kuanika uani katikati ya makazi ni kingine. Mwalo umetengwa kwa ajili ya samaki na watu wa huko wanaijua harufu yake. Uani kwako utapata malalamiko ya nzi ndani ya wiki, na sheria ndogo za afya zitakufikia kabla ya zile za mipango miji.

Nakamua mawese nyumbani, kaka yangu ana mashine ya kuchomelea. Haya ni makazi au kiwanda?

Kigezo ni kinachotoka nje ya uzio: moshi, kelele, maji machafu, magari. Mama anayechemsha pipa moja la mawese kwa msimu hatafutwi na mtu. Lakini ukiwa na mapipa sita, vibarua, na maji ya mafuta yanayotiririka mtaroni hadi kugeuza rangi ya mtaro mzima, hicho ni kiwanda kidogo, na mahali pake ni eneo la viwanda vidogo. Kuchomelea, useremala wa mashine, gereji na mashine ya kusaga vinaingia humo humo. Kelele na uchafuzi vina mlango wake wa malalamiko, nao ni NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Lawama nusu ni ya mipango yenyewe. Ukimwambia fundi ahame, mwonyeshe pa kwenda penye umeme wa njia tatu na wateja. Eneo la viwanda vidogo lililo mbali na lisilo na nguzo litabaki kichaka, na fundi atarudi uani.

Nyumba yangu imewekwa X. Ni mambo ya mchoro?

Mara nyingi ni ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Aliye ndani ya kipimo cha zamani huwekewa X nyekundu. Aliyekutwa na upanuzi, kati ya 22.5 na 30, huwekewa ya kijani, na huyo ana madai ya fidia. Barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za mitaa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Waulize wao kabla ya kumwuliza afisa ardhi. Wenzetu walio karibu na reli nao wajue kuwa reli ina hifadhi yake, na ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma umeifanya mipaka hiyo isiwe ya mzaha tena.

Naweza kufuga mjini?

Kwa kiasi. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 ziliweka ukomo wa ng'ombe wanne, wa kufungiwa ndani. Kuku wachache hawana ugomvi na mtu. Nguruwe mia uani ni ugomvi.

Nikibadili kuwa biashara, kodi itapanda?

Kodi ya pango la ardhi, ndiyo, kwa sababu inatofautiana kwa matumizi, na biashara hulipa zaidi kuliko makazi. Usiichanganye na kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Piga hesabu kabla ya kuomba: fremu mbili zilizo kwenye uchochoro usio na wapita njia zinaweza zisirudishe gharama za kubadilisha hati.

Eneo la wazi la mtaa wetu linataka kugeuzwa viwanja. Tufanyeje?

Pingeni mapema na kwa maandishi. Hapa sina upande wa kati. Uwanja wa watoto ukishauzwa haurudi, na mtaa usio na eneo la wazi hauna pa kuweka hema la msiba wala pa kukimbilia moto ukiwaka. Ombeni mchoro ulioidhinishwa. Kama unaonyesha ni eneo la wazi, anayetaka kulibadili anawajibika kufuata hatua zile zile za tangazo na maoni kama mtu mwingine yeyote.

Mpangaji wangu wa fremu ni raia wa Kongo. Hilo linabadili chochote?

Kwenye matumizi ya kiwanja, hapana. Asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, lakini kupanga chumba cha biashara ni jambo jingine. Kibali chake cha ukaazi na leseni viulizieni ofisi husika kwanza, kwa sababu amri ya 2025 inamkataza asiye raia kufanya biashara kadhaa, na raia anayemsaidia kuzifanya naye anakosea.

Ombi langu limekataliwa. Nimalizie wapi?

Omba sababu kwa maandishi kwanza. Nyingi zinatibika: maegesho hayatoshi, njia ni nyembamba, choo hakitoshelezi wateja. Rekebisha mchoro wa jengo, uombe tena. Kama sababu ni kwamba mpango wa eneo hauruhusu, unaweza kukata rufaa ngazi ya juu, au kurudi kwa wenzako mtaani mkaomba marekebisho ya pamoja. Mgogoro wa mpaka au umiliki na jirani hauendi huko; huo ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na wakati unasubiri, usiendelee kujenga. Jengo lililoota likiwa na barua ya zuio ubaoni ni ushahidi dhidi yako, na gharama za kulibomoa utadaiwa wewe.